Jibu la Akiba

Maître Célestin tulimzika kule Nyundo siku ya manyunyu, na mawakili wenzake walikuja wamevaa majoho yao meusi, kama ilivyo desturi yao kumsindikiza mwenzao. Mimi nilisimama kando kidogo na gauni langu la kawaida na mtandio kichwani, kwa sababu joho sina tena, na ni miaka mingi tangu niachane na haki ya kulivaa. Padri alipokuwa akisoma, macho yangu, ambayo hayajawahi kuwa na adabu msibani, yalianza kukagua mishono ya watu. Ndipo nikaliona joho langu. Lilikuwa limevaliwa na mwanamke mfupi mwenye miwani, na lilikuwa limepunguzwa urefu, lakini ncha za mikono bado zilikuwa na ule mstari wa nyuzi mbili ambao fundi mmoja tu wa Majengo ndiye aliyekuwa akiuweka. Fundi huyo, Mama Hadija, alinisema mimi na mawakili wenzangu siku ananipimia: "Ba-avoka munarushaka sana mikono. Uzi moja haitoshi." Mwanamke yule nilimjua kwa jina, Claudine. Ndiye aliyechukua nafasi yangu katika ofisi ya Maître nilipoiacha sheria, na kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kupita salamu. Baada ya maziko tulirudi mjini Gisenyi, tukanawa mikono kwa pamoja kama inavyotakiwa, tukaketi chini ya turubai uani kwa marehemu, na kila mtu akapewa chupa yake ya kinywaji. Nilikaa nikiitazama ile mikono ya joho upande wa pili wa turubai, ikipokea sahani na kuzipitisha, na mwaka mzima wa ujana wangu ukanirudia.

Mwaka ule nilikuwa wakili kijana, na mji mzima ulikuwa ukiniita Maître, jina la heshima la mawakili. Yule muuza nyanya wa sokoni aliniita Maître, mwenye duka la simu aliniita Maître, na hata shehe wa msikitini, ambaye alinifundisha alifu na bee kwa kiboko, alianza kuniita Maître kwa sauti ya kujivunia, kana kwamba kiboko kile ndicho kilichonifikisha. Nilipenda. Sitajifanya sikupenda. Kazi yenyewe nilifunzwa na Maître Célestin, ambaye alikuwa na ofisi ya vyumba viwili kwenye barabara ya chini karibu na ziwa: cha mbele kilikuwa na meza mbili na viti viwili, vyake na vyangu, na cha nyuma kilikuwa na jiko la kuchemshia chai na makabrasha ya wateja waliokwisha kufa. Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba wakili haingii mahakamani na mlango mmoja wa kutokea. "Unapanga tatu," alisema. "Kwanza: mbuzi ya mteja wangu haikukula mahindi. Kwa akiba: kama mahakama inaona ilikula, ile mahindi haikukuwa ya mlalamikaji. Na kwa akiba ya akiba: kama ilikuwa yake, yeye ndiye aliacha lupango, ule ua yake, wazi." Ndivyo mawakili wote wa kwetu wanavyoandika, na ukishaizoea akili hiyo hutaiona tena. Inakuwa ndiyo namna ya kupumua.

Kilichonitoa katika sheria ni kesi ya viazi. Wakulima wa Kanzenze walikuwa wamekubaliana bei na mnunuzi mmoja wa Mahoko kabla viazi havijachimbwa. Msimu ulipofika bei ikashuka, mnunuzi akapotea. Nilisimama upande wa wakulima na tukashinda. Lakini katikati ya kesi jaji aliinua kichwa akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: ahadi ile, siku ilipotiwa saini, kabla mtu yeyote hajajua bei itakwenda wapi, yenyewe ilikuwa na thamani gani? Wakili wa upande wa pili akasimama akasema neno refu lenye Kifaransa kingi, na namba mwishoni. Nikasimama nami nikasema refu zaidi. Jaji akachukua namba iliyo katikati ya namba zetu mbili, akaiandika hukumuni. Wakulima walinipigia vigelegele nje ya mahakama na kunipakia gunia la viazi, na mimi nikarudi nyumbani nina aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu nilijua namba ile haikutoka popote. Miezi iliyofuata nilisoma mtandaoni kila nilichoweza kukipata, na nikagundua kwamba lile swali lina watu wake. Kuna elimu kamili ya kupima ahadi ya kesho ina bei gani leo, hesabu za fedha na hatari, na chuo kimoja cha Kigali kilikuwa kikiifundisha kwa shahada ya pili. Walinikubali kwa sharti. Kwa kuwa nilitoka sheria, ilinibidi nifaulu somo la uwezekano, yaani hesabu za mambo ya bahati, ndani ya mwaka wa kwanza. Nikishindwa, narudishwa nyumbani.

Nilimwambia Maître asubuhi moja akiwa hajamaliza chai yake. Alivua miwani.

"We uko mugonjwa?"

"Hapana, Maître."

"Uko na bwana mupya?"

"Hapana, Maître."

"Donc, basi, ni hesabu tu."

"Ni hesabu tu."

Kisha akainuka, akachukua vitabu vyake vizito vya sheria za ardhi, akavipanga juu ya kiti changu, kimoja kimoja, mpaka vikafika kwenye mgongo wa kiti. "Bon. Mwaka moja," alisema. "Mutu hatakaa hapa. Ukichoka na ile manamba yako, unatoa vitabu, unakaa, tunaendelea." Nilitokwa na machozi kwa shukrani. Leo, na mvi zangu hizi, bado naamini ulikuwa wema mkubwa, na bado naamini nusura uniangamize.

Masomo mengi yalikuwa ya mtandaoni, Kigali tulikwenda kwa mitihani na kwa wiki za mwanzo wa muhula, kwa hiyo nilibaki Majengo katika chumba nilichopanga uani kwa Mama Hadija. Chumba kilikuwa na kitanda, meza iliyokuwa zamani ya cherehani, dirisha linalotazama kamba za kuanikia, na msumari nyuma ya mlango ambapo joho langu lilining'inia. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kutoka ziwani na nilisoma nikiwa nimejifunga blanketi. Kuanzia saa nne uani palijaa. Wanawake wa Goma walikuwa wakivuka mpaka na vitenge vyao, wakitaka washonewe libaya, zile blauzi zao, na warudi nazo kabla lango halijafungwa, na mimi niliyekuwa nikisikiliza mhadhara kwa sikio moja nilikuwa nao kwa sikio la pili.

"Mama Hadija, libaya yangu iko tayari?"

"Iko tayari. Inabakia tu kushona."

"Yewe! We uliniambia juma!"

"Juma gani? Juma iko mingi, mama. Kaa kwanza, kula."

Na kweli walikula. Mama Hadija alikuwa mjane aliyeamini kwamba mtu mwenye mdomo uliojaa hawezi kudai nguo. Palikuwa na sambaza wa kukaanga, samaki wa ziwani, wadogo na wenye chumvi, tuliowala kichwa na mkia. Palikuwa na bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Ijumaa palikuwa na pilau, na mpaka leo sijaonja pilau iliyonishinda kuacha kama ile. Mimi nililetewa yangu mezani, sahani ikiwekwa juu ya milinganyo yangu. "Ni Maître anakaa humu," nilimsikia akiwaambia wageni, akionyesha mlango wangu kwa mkasi. "Iko anasoma sheria ya manamba." Nilikuwa na raha mwaka ule, na nasema hivyo makusudi, kwa sababu wengi wakieleza walivyoacha kazi moja kwa nyingine hueleza njaa na machozi. Mimi nilinenepa.

Mtihani wa katikati ya mwaka niliufanya kwa kujiamini. Nilikuwa nimesoma, niliyaelewa maswali, na niliandika kurasa nyingi kuliko wote chumbani. Baada ya wiki mbili mwalimu wetu, Dokta Vestine, aliniita ofisini kwake. Alikuwa amekulia Kigoma na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Zuhura, swali la nne lina majibu matatu."

"Ndiyo, Dokta. La kwanza ndilo kuu. La pili ni la akiba, iwapo la kwanza halitakubaliwa."

"Halitakubaliwa na nani?"

Nilifungua mdomo na nikasikia mwenyewe neno "mahakama" likitoka. Alinitazama. Nadhani alitaka kucheka, lakini alikuwa mwalimu mzuri na akajizuia. Akanigeuzia karatasi: swali la nne, la tano, la saba, kila mahali penye ugumu nilikuwa nimeandika jibu, kisha "iwapo", kisha jibu jingine, kisha "na iwapo hata hilo". Chini ya yote kulikuwa na sifuri nyekundu.

"La kwanza lilikuwa sahihi," alisema. "Swali la nne, la tano, la saba. Ungeishia hapo ungefaulu vizuri. Lakini mimi siwezi kukuchagulia. Mtu akikuuliza ahadi hii ina thamani gani, huwezi kumpa namba tatu ukamwambia achukue anayoipenda. Hiyo si namba."

Alisema kuna mtihani wa marudio, mmoja tu, mwishoni mwa mwaka. Baada ya hapo hakuna mwingine. Nilirudi Gisenyi siku hiyo hiyo, na kutoka Musanze hadi Mahoko nilikuwa nikimtetea Zuhura kimoyomoyo mbele ya jopo la majaji wa kubuni, kwa hoja tatu.

Mtu angedhani nilirudi nikajifungia kusoma. Sivyo. Nilirudi nikafungua mahakama uani. Ilianza kwa jambo dogo: mteja mmoja wa Mama Hadija alikuwa na jirani ambaye maji ya paa lake yanamwagikia jikoni kwa mteja huyo, nikamwambia aseme nini na amwambie nani, na maji yakageuzwa. Baada ya hapo walikuja wengine. Jogoo anayewika mapema mno, shamba la mirathi, mume aliyeahidi cherehani kabla ya ndoa. Mama Hadija alileta benchi kutoka jikoni ili watu wasisimame. Nilikaa kwenye kigoda na chai yangu ya tangawizi, wakaniita Maître, nikawapangia hoja ya kwanza na hoja ya akiba, wakaondoka wakinisifu, na saa za kusoma zikapita hivyo hivyo, tamu. Jioni nilifungua daftari nikiwa nimechoka na nikajiambia nitaanza kesho. Na juu ya yote hayo kulikuwa na kile kiti kwenye barabara ya chini, na vitabu juu yake, kikinisubiri. Sikukisema kwa sauti, lakini nilikilalia kila usiku.

Alasiri moja nilijilazimisha kufanya zoezi moja tu. Lilikuwa rahisi, ahadi ya kununua kwa bei fulani siku fulani. Nikalifanya, nikapata jibu, nikajua ni sahihi. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaandika chini yake "Iwapo". Nikauangalia. Nikainua macho na mbele yangu, mlangoni, lilikuwa joho kwenye msumari wake, na nje palikuwa na benchi lililojaa watu wanaonisubiri. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Niliogopa. Sikuogopa hesabu, hesabu nilikuwa nazimudu. Niliogopa kupita sokoni na yule wa nyanya asijue aniite nani. Mwaka mzima nilikuwa nimejitia kwamba nimeondoka, na sikuwa nimeondoka. Nilikuwa jibu la kwanza lenye mengine mawili chini yake, na Dokta Vestine alikuwa amenipa sifuri yangu ya haki.

Kesho yake asubuhi nilimpigia simu Maître nikamwambia nitapita mchana, bila kumwambia napita kufanya nini. Nilivua joho msumarini, nikalikunja nikalitia kwenye mfuko wa plastiki wa duka la vitenge, na nikateremka kwa miguu.

Alikuwa mezani kwake. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kiti changu. Vitabu havikuwepo. Kilikuwa kimepanguswa mpaka mbao zinang'aa, na juu yake kulikuwa na mto mpya wa kukalia, wa kitenge cha buluu. Nilielewa mara moja: habari za mtihani zilikuwa zimemfikia, Gisenyi haina siri, na mzee alikuwa ameniandalia mahali pa kurudi. Moyo uliniuma sana. Ingekuwa rahisi kama ningemkuta na hasira.

"Karibu, Maître," alisema. "Kaa."

"Sikuja kukaa, Maître."

"Ulianguka mutihani. Nilisikia."

"Nilianguka."

"Na ingine iko?"

"Uko mmoja. Wa marudio."

"Na ile ukiianguka?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na mdomo wangu ulikuwa tayari na "iwapo" yake. Niliufunga.

"Sijui nitafanya nini," nilisema. "Lakini hapa sirudi. Kiti kimpe mtu."

Kutoka chumba cha nyuma nilisikia kijiko kikikoroga ndani ya kikombe, kring, kring, kring, kisha kikasimama.

"Ni paka," alisema Maître bila kugeuka.

Sikumuuliza tangu lini paka wanakoroga chai. Nilikuwa na yangu. Nilitoa joho kwenye mfuko, nikalitandika kwenye mgongo wa kiti, juu ya ule mto wa buluu. "Na hili ni la atakayekuja," nilisema. "Likimzidi urefu, Mama Hadija atalipunguza." Maître alivua miwani akaifuta kwa tai yake, akachukua muda mrefu kuifuta. Kisha akazunguka meza na kunipa mkono, mikono yote miwili, namna alivyokuwa akiwapa wenzake waliomshinda mahakamani. "Uende muzuri, Zuhura," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina tupu, bila Maître mbele yake. Nililia barabara nzima ya chini mpaka kwenye mzunguko, na nilipofika Majengo nikamwomba Mama Hadija arudishe benchi jikoni.

Marudio niliyafanya kwa karatasi chache kuliko mtu yeyote. Jibu moja, mstari chini yake, swali linalofuata. Palikuwa na swali sikuliweza na nikaliacha jeupe, na weupe ule ulinitisha kuliko chochote nilichowahi kukiona kwenye karatasi. Nikafaulu. Mengine yaliyofuata ni maisha ya kawaida: nilihamia Kigali, nikamaliza, nikapata kazi, na mpaka leo nakadiria bei ya bima ya mazao, viazi vya Kanzenze vikiwemo. Watu wananiletea ahadi na nawapa namba moja. Wakati mwingine nakosea, na kosa linakuwa langu. Maître nilimtembelea kila nilipokuja, nyumbani kwake, si ofisini, akinisimulia kesi zake na mimi nikimsimulia namba zangu, na kila mmoja akijifanya anaelewa.

Basi, pale chini ya turubai, watu walipoanza kupungua, Claudine alivuka uani akiwa na vikombe viwili vya chai, akanipa kimoja na kuketi.

"Dada Zuhura, mi nafikiri we hunijue muzuri."

"Nakujua, Claudine. Na hilo joho nalijua zaidi."

Alicheka, akaishika ile mishono miwili kwenye mkono. "Siku ile uliileta, mi nilikuwa pale."

"Pale wapi? Tulikuwa wawili tu."

"Nyuma," alisema. "Mi ndio ile paka."

Sikuelewa, kisha nikaelewa, na chai ikanimwagikia gaunini. Akanisimulia. Alikuwa amemaliza sheria na hakuna ofisi iliyomtaka, akawa anauza vitenge Mahoko na mama yake. Asubuhi ile, nilipokwisha kumpigia Maître simu, Maître naye akampigia Claudine. Alimwambia aje haraka, na aliposhuka akamweka chumba cha nyuma na kikombe cha chai, akamweleza wazi: kiti kiko na mwenyewe, na mwenyewe anakuja leo. Akija kukiacha, ni chako. Akija kukaa, unamaliza chai yako, nakulipia gari unarudi kwenu.

"Nikamuuliza, Maître, sasa hii kiti umepangusa ni ya nani? Akaniambia, ni ya mwenye atakaa."

Nilicheka mpaka wazee wa meza ya pili wakageuka kunitazama. Mwanasheria hadi mwisho! Alinipa mikono miwili, akanifutia na miwani, na wakati huo jibu lake la akiba lilikuwa nyuma ya mlango likikoroga chai. Kisha, Claudine akiwa bado anaongea, likanifikia lile jingine: kwamba hakuwa ameniacha. Mpaka neno langu la mwisho kiti kile kilikuwa changu, na kama ningesema narudi, angemrudisha binti wa watu Mahoko na kunikalisha kwenye mto wa buluu, na asingeniambia kamwe. Hapo nilimlilia Maître vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile, na Claudine akanishika mkono kwa mkono wa joho letu.

"Unisamehe, dada," alisema. "Mi niliomba Mungu uende. Nilikuwa nasikia yote. Niliomba sana."

Nilimuuliza kama angalau chai ile ilikuwa nzuri.

"Sijue," alisema. "Nilikuwa nakoroga tu. Hata sukari sikutia."